Watoto arobaini, mpira mmoja: haya ni mazoezi gani?

Wiki hii naomba tuzungumzie uwanja wa mpira wa mtaani kwako. Sizungumzii ule wa Mkapa, wenye viti 60,000. Nauzungumzia ule wa vumbi ulio nyuma ya soko au kando ya shule ya msingi, ambao kila siku baada ya swala ya Alasiri hujaa watoto na vijana, na sisi wazazi hupita kando yake tukirudi makazini bila hata kugeuza shingo.

Leo geuza shingo. Simama dakika kumi tu, kisha fanya hesabu. Usihesabu magoli, wala usitafute nani fundi wa chenga. Mchague mtoto mmoja, tena si yule mwenye njumu mpya. Mchague yule mnene kidogo, au yule mfupi aliyesimama mwisho wa mstari, halafu umhesabie amegusa mpira mara ngapi.

Mimi hesabu hii nimeifanya jioni nyingi katika viwanja vya Temeke na Ilala. Nina watoto wawili wanaocheza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimsaidia mwalimu wa timu ya yosso ya mtaani kwetu kwa kumshikia daftari. Ninachokiona kwenye viwanja vingi hakitofautiani sana: mwalimu mmoja, filimbi moja, mpira mmoja, na watoto 30 hadi 40 wamepanga mstari mbele ya goli. Mmoja anapiga, golikipa anaufuata mpira, anaurudisha, anapiga anayefuata. Tuseme kila mmoja anatumia sekunde 20, na hapo sijahesabu mpira ukitumbukia mtaroni. Watoto 40 ni sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13 kabla zamu yako haijakurudia. Kwa saa nzima mtoto amepiga mpira mara nne, ikizidi sana mara tano. Muda wote uliobaki amesimama juani, anasukumana na wenzake na anajifunza matusi.

Ndugu msomaji, mtoto huyo hakufanya mazoezi. Alikwenda kuyaangalia.

Sasa linganisha na chandimu. Watoto sita wanakutana uchochoroni, mpira ni wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, magoli ni mawe mawili au kandambili. Watatu huku, watatu kule. Hakuna mwalimu, hakuna mstari, hakuna wa akiba. Katika nusu saa kila mmoja ameugusa mpira mara nyingi zaidi kuliko yule wa kwenye mstari kwa wiki nzima. Amekimbia, amegeuka, ameanguka, ameinuka, amebishana kama mpira umepita juu ya goli au ndani yake (maana goli la mawe halina mwamba), na ubishi wenyewe wameumaliza bila refa. Wataalamu wa soka wa Ulaya, kwa fedha nyingi na utafiti mwingi, wamerudi pale pale uchochoroni kwetu: timu ndogo, uwanja mdogo, kila mtoto aguse mpira mara nyingi. Ujerumani, waliochukua Kombe la Dunia mara nne, kuanzia msimu wa 2024/25 wamelifanya jambo hili kuwa la lazima nchi nzima. Watoto wao wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, na hadi wanafika umri wa chini ya miaka 11 hawajavuka saba kwa saba. Sisi tuliokuwa na chandimu tangu enzi za babu zetu tunawachukua watoto wa miaka 9, tunawavalisha jezi zinazowafika magotini, tunawapanga 11 kwa 11 katika uwanja wa watu wazima, kisha tunashangaa kwa nini wote wanaukimbilia mpira kama nyuki.

Hapa ndipo penye tatizo. Mazoezi yetu hayakupangwa kwa ajili ya mtoto. Yamepangwa kwa ajili ya kombe, na nyuma ya kombe ipo ndoto ya kumpata Samatta mwingine. Ndoto si mbaya. Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala, alipitia African Lyon na Simba, akachukua ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akawa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi ya Ubelgiji msimu wa 2018/19 akiwa na Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu ya Uingereza alipokwenda Aston Villa. Kila mzazi wa Mbagala na kwingineko ana haki ya kujivunia. Lakini tazama, ndugu yangu: ni Samatta mmoja katika mji wa mamilioni ya watu. Je, hawa wengine wote tunawalea kwa lipi? Kati ya watoto 40 wa uwanja wetu, huenda hata mmoja asipate mkate wake kwa mpira. Wote 40, hata hivyo, wana moyo, mapafu, magoti na mishipa ambayo wataitumia hadi uzeeni kwa umri atakaowajaalia Allah.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili kiasi cha kupumua kwa nguvu. Takwimu lililozitoa mwaka 2019, kwa hali ilivyokuwa mwaka 2016, zilionyesha kuwa asilimia 81 ya wenye umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho: wavulana asilimia 78, wasichana asilimia 85. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani wanasemwa watoto wa Marekani wanaokula chipsi mbele ya televisheni. Tembea Kariakoo, Magomeni au Sinza uone watoto wanaoshushwa na basi la shule mlangoni saa 11 jioni, wanafanya kazi ya nyumbani aliyowapa mwalimu, wanakwenda chuoni, wanalala. Wanacheza saa ngapi?

Kuna kijana mmoja wa mtaa wa pili, sitamtaja. Akiwa na miaka 11 hakukosa mazoezi hata siku moja. Alikuwa mnene, mbio zake nzito, lakini alikuwa na pasi nzuri na aliupenda mpira kuliko chakula. Yalipokuja mashindano, timu yake ilimpa kazi ya kubeba begi la jezi na ndoo ya maji, na mashindano yakaanza na kwisha hajaingia hata dakika moja. Timu ilichukua kombe. Msimu uliofuata akabeba tena ndoo. Alipofika miaka 13 hakuonekana uwanjani, na hakuna aliyekwenda kwao kuuliza kulikoni. Leo ni kijana wa makamo ya kuoa, anauza vifaa vya simu Kariakoo. Akipanda ngazi za ghorofa mbili hana budi kusimama ashike ukuta. Alipopimwa presha katika zoezi la upimaji wa bure aliambiwa iko juu na arudi kupimwa tena. Hana miaka 25.

Mpira hakuuacha. Anaujua kuliko mimi. Anakutajia vikosi vya ligi za Ulaya ambazo mimi hata bendera za nchi zake sizijui, kwa kuwa kila Jumamosi ana mkeka. Na hapa sina haja ya kumueleza msomaji wa gazeti hili hukumu ya kamari. Nataka tu tuone njia aliyopita. Kijana aliyetolewa uwanjani hakuhama mapenzi yake, alihama kiti. Mpira ameuacha kwa miguu, amebaki nao kwa vidole. Tunapolalamika kuwa vibanda vya kubeti vimejaa vijana wetu, basi tujiulize pia nani aliwafukuza kwenye vumbi.

Na tunawafukuza kwa kipimo kisicho cha haki. Rika katika mpira linahesabiwa kuanzia Januari. Mtoto wa Januari na mtoto wa Desemba wa mwaka ule ule wanawekwa kundi moja, kumbe wa kwanza amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi 12. Kwa watu wazima hilo si kitu. Kwa watoto wa miaka 10, mwaka mmoja ni urefu, ni kifua, ni mbio. Mwalimu anayetaka kushinda Jumapili hii atamchagua mkubwa, na atasema huyu ana kipaji. Katika shule za soka za Ulaya watafiti wamekuta mara kwa mara kuwa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wamejaa kupita kiasi, na wa miezi ya mwisho ni haba. Huko wana vyeti vya kuzaliwa vya kuaminika. Kwetu ongeza vijeba. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17 ilifuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia, ikaenguliwa kwa kosa la kuchezesha aliyezidi umri. Tulinung'unika sana wakati ule. Nathubutu kusema kuwa jambo lile linaanzia huku huku mtaani, siku mwalimu anapomuweka kijana mwenye ndevu katika timu ya watoto na wazazi tunapiga makofi. Mtoto halali wa miaka 13 anagongana na mtu mzima, anavunjika au anakata tamaa, na nafasi yake imeliwa.

Baada ya kulaumu, nielezee namna inavyoweza kufanyika. Haihitaji mfadhili.

Kwanza wakati. Hapa Dar es Salaam Alasiri inaingia kabla ya saa 10, na Maghrib huingia kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasorobo, kulingana na msimu. Mazoezi yaanze saa 10 na nusu, watoto wameshaswali na jua limepungua makali, na yaishe saa 12 kasoro dakika 10. Hizo ni dakika 80, zinatosha kabisa. Walimu wanaoanza saa 8 mchana ili "kuwakomaza" watoto wanawaumiza, tena mwezi wa Februari na Machi wanawahatarisha. Na ile kasumba ya kumkataza mtoto maji mazoezini eti yatamletea uzito ni hatari zaidi. Mtoto aruhusiwe kunywa kila baada ya dakika 15 au 20, funda kadhaa tu. Ukiona anayumba na maneno yake hayaeleweki, huyo si mvivu. Mwondoe juani, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na umkimbize hospitali.

Pili, kupasha mwili moto. Mizunguko miwili ya uwanja na kujinyoosha kidogo, kama tulivyozoea, haitoshi. Wataalamu wa tiba wa FIFA walitunga mpango wa dakika 20 unaoitwa 11+, ambao hauhitaji kifaa maalumu. Dakika 8 za mwanzo ni mbio za polepole zenye kugeuza nyonga, kuzungukana na mwenzako na kugongana naye mabega hewani. Dakika 10 zinazofuata ni za nguvu na mizani: kujilaza kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu huku mwili umenyooka kama ubao, kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akijaribu kukuyumbisha, kuchuchumaa na kuruka. Lipo zoezi moja ambalo watoto wanalichukia na ndilo bora: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unajiachia kwenda mbele taratibu kadiri nyama za nyuma ya paja zitakavyokushikilia. Dakika 2 za mwisho ni mbio za kasi na kukata kona ghafla. Hilo tu. Wadogo wa chini ya miaka 14 wana mpango wao mwepesi zaidi, wenye michezo ya kuanguka na kuinuka.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu. Huko Lagos, Nigeria, watafiti waliujaribu mpango huu kwa vijana zaidi ya 400 wenye miaka 14 hadi 19, kutoka timu 20. Nusu ya timu ziliufuata na nusu ziliendelea na desturi zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa timu zilizoufuata zilipata majeruhi pungufu kwa kiasi cha asilimia 40. Lagos ni joto kama letu. Mtoto anayeteguka goti akiwa na miaka 15 hapotezi msimu mmoja tu, aghalabu anapoteza michezo moja kwa moja, kwa sababu kwetu goti linapelekwa kwa mchuaji kwanza, na hospitali baada ya miezi sita.

Na kwa kuwa tumetaja goti: mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayecheza sana akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, na ukishika pale unakuta kinundu kigumu chenye kuuma, mara nyingi ni mfupa unaokua unavutwa na mshipa wa misuli ya paja. Mwonyeshe daktari ahakikishe. Kwa kawaida tiba yake ni kupunguza mbio na kuruka kwa wiki kadhaa, pamoja na barafu baada ya mchezo, na mtoto akimaliza kukua maumivu huisha. Kumchua kwa nguvu kunamzidishia. Kumwita mdekezi kunamzidishia zaidi.

Tatu, na hili ndilo shina la makala yangu, ni mipira. Watoto 40 wakipewa mipira 8, wanagawanyika makundi manane ya watano watano: wanne wanazunguka wakipasiana, mmoja katikati anautafuta mpira, anayepoteza anaingia katikati. Dakika 20 za namna hiyo, hakuna aliyesimama. Kisha uwanja ule ule mmoja unakatwa viwanja vinne kwa chupa za plastiki zilizojazwa mchanga, watano kwa watano, magoli ya mawe, mechi za dakika 8, zikiisha timu zinabadilishana viwanja. Dakika 40 nyingine, na bado hakuna aliyesimama. Mwalimu anazunguka akiwa na filimbi mfukoni. Mnene anacheza, mfupi anacheza, wa Desemba anacheza. Aliyepewa kipaji na Mola wake naye hapotei, kwa sababu katika uwanja mdogo anaonekana haraka kuliko katika mkubwa. Mipira minane ya kawaida inagharimu chini ya mchango wa harusi wa wazazi watano. Na kama hata huo haupatikani, ule wa makaratasi upo.

Narudi kwa wazazi wenzangu. Ugomvi mkubwa ninaoushuhudia katika mitaa yetu hauko kati ya timu na timu, uko kati ya kiwanja na chuo. Ustadhi anawataka watoto wale wale, jioni ile ile. Mtoto anachapwa kwa kukosa chuo, baba anapiga marufuku mpira, mtoto anaanza kuficha jezi chini ya kanzu na kudanganya pande zote mbili. Nimeona mtaa mmoja walivyolimaliza jambo hili kwa kikao kimoja tu barazani baada ya Ishaa. Mwalimu wa mpira alikwenda kwa ustadhi, hakumtuma mtu, akamwambia, "Ustadhi, hawa ni wanafunzi wako kabla hawajawa wachezaji wangu. Nipangie." Wakagawana siku: mazoezi matatu kwa wiki, siku zilizobaki chuo. Anayekosa chuo bila udhuru hachezi mechi. Pembeni ya uwanja ikawekwa ndoo ya maji ya udhu na mkeka (ule wa kweli, wa ukindu). Sasa ustadhi anakuja kutazama mechi, na nimemsikia kwa masikio yangu akimlalamikia refa.

Mabinti nao wana haki yao, na kwao hali ni ngumu zaidi, ndiyo maana ile asilimia 85. Wasomaji wa ukurasa huu wanaifahamu habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.). Kwa hiyo kukimbia si uhuni. Kizuizi cha vazi nacho kimepungua: bodi inayotunga sheria za soka iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na mwaka 2023 beki wa Morocco, Nouhaila Benzina, aliivaa katika Kombe la Dunia la wanawake. Mabinti wetu wa Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, mara yao ya kwanza kushiriki. Kinachokosekana mitaani ni muda wao peke yao, mwalimu mwanamke, na uwanja wenye ukuta. Shule nyingi zina ukuta, na Jumamosi asubuhi shule zinalala.

Mwezi wa Ramadhani timu nyingi hufunga shughuli kabisa, na vijana wanarudi Shawwal wakiwa wazito. Si lazima iwe hivyo. Nusu saa ya mpira mwepesi inayomalizikia karibu na futari, bila mbio ndefu, inatosha kuulinda mwili. Wenye uwanja wa taa wanaweza kucheza baada ya Tarawehe, ila mwalimu awaachie muda wa kulala kabla ya daku. Tarehe 26 Aprili 2021 huko Uingereza, mechi ya Leicester City na Crystal Palace ilisimama kidogo baada ya jua kuzama ili Wesley Fofana afungue saumu kandoni mwa uwanja, kisha ikaendelea. Kama wao wameweza, refa wa ligi ya mtaani Tandika atashindwaje?

Kwa sisi wenye vitambi nina maneno machache. Utafiti wa Denmark umeonyesha kuwa wanaume wasio wachezaji, wakiwemo wenye presha, wakicheza mpira wa timu ndogo mara mbili kwa wiki, saa moja moja, kwa wiki 12 hivi, pumzi zao huongezeka na presha hushuka. Klabu za veterani na za jogging za mjini kwetu ni neema kwa maana hiyo. Lakini aliyekaa kitini miaka 15 asiibuke bonanza la Jumapili akakimbilia kona. Apime presha na sukari kwanza, atembee kwa haraka wiki kadhaa, kisha aanze kwa dakika 10 akiongeza kidogo kidogo. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya si gesi. Atoke uwanjani na aende hospitali saa hiyo hiyo.

Yote haya yanahitaji ardhi. Jangwani, mahali ambapo vizazi vya mji huu vimecheza mpira, ilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi. Viwanja vidogo vya mitaa navyo vinaliwa kimya kimya: leo kibanda, kesho gereji, keshokutwa ukuta. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanajua ramani ya eneo lao inaonyesha nini. Nenda kaiombe uione. Jamaa wa mtaa mmoja hapa Temeke walifanya hivyo, wakakuta uwanja wao umeandikwa wazi kuwa ni wa michezo, wakaipiga picha ile ramani na kuibandika ukutani mwa ofisi. Aliyekuja kupima kiwanja chake pale akageuza gari.

Mwezi uliopita wazazi wa timu yetu tulimuuliza mwalimu anahitaji nini kwa mwaka huu. Wengi walikuwa tayari kuchangia nyavu za magoli na jezi zenye majina mgongoni. Aliandika: mipira 8, pampu moja, chupa tupu 40, vizibao vya rangi mbili, ndoo ya maji yenye bomba, na sanduku dogo la huduma ya kwanza. Chini akaongeza kwa kalamu nyingine majina ya watoto sita walioacha kuja tangu mwaka jana, na nyumba wanazokaa.